Mashine ya Kumsomea Mama

Jumatatu, tarehe 4 Mei

Dada yangu mpendwa, shikamoo. U hali gani huko uliko? Goti linasemaje siku hizi? Shemeji na watoto hawajambo? Sisi huku wazima, tunamshukuru Mungu. Wazima wa mwili, maana moyo wangu mimi hauko mahali pake.

Ulinishauri mara ya mwisho kwamba nikipandwa na hasira niandike badala ya kupiga kelele. Basi nimechukua daftari la vipimo ambalo halijaisha, naandika nyuma ya viuno na mabega ya watu. Kila siku ukurasa. Nikimaliza juma nakuletea zote, usome, uamue. Usimwonyeshe shemeji.

Habari ni Kitinda. Kitindamimba wetu. Jana baada ya ibada kaja na boksi. Ndani kompyuta. Kuukuu, ofisini kwao walikuwa wanaitoa. Akaiweka wapi? Juu ya meza yangu ya kukatia vitambaa! Hakuuliza. Ikabidi nisogeze majoho ya kwaya, mimi, kama mgeni nyumbani kwangu.

Macho ya Mama unayajua. Tangu ule ukungu uingie, herufi hazioni tena. Na unajua ni nani anayemsomea somo la siku kila asubuhi baada ya chai, huu mwaka wa tatu. Sijisifu. Nasema tu kwamba ni mimi.

Sasa Kitinda anasema mashine itamsomea. Somo linatoka kwenye mtandao, mashine inalisema kwa sauti. Imebaki kitu kimoja, kinaitwa programu-jalizi, na hicho atakuja kukiweka mwenyewe Jumapili ijayo kwa sababu wiki hii ana shughuli. Mama akamshika uso kwa mikono miwili. Akasema mwanangu huyu ananiwazia mimi! Na hii miaka mitatu, Mama, nani amekuwa akikuwazia? Paka? Halafu akaagiza Kitinda apewe chai kwenye kikombe cha maua, kile chenye mkono. Mimi cha kwangu hakina mkono mwaka wa kumi na moja. Nakishika kwa kitambaa.

Wakati wa kuondoka Kitinda akaniambia, mbele ya Mama, eti kaka, usiiguse mpaka nije, hii inatumia Linux, ina mambo yake. Usiiguse! Ananiambia mimi, niliyefungua cherehani mpaka skrubu ya mwisho nikairudisha bila skrubu kubaki! (Ilibaki moja. Ndogo.)

Nimeshapanga. Kabla ya Jumapili mashine itakuwa inasoma. Kitinda ataingia, atamkuta Mama ametulia anasikiliza, na mimi nakunja pindo, wala sitainua macho. Nitamwambia tu, ah, hiyo? Mbona niliiweka tangu Jumanne.

Nimeliombea jambo hili. Nimeomba kufanikiwa tu. Kuaibika kwake sijakuombea, hiyo ni juu ya Mungu.

Jumanne, tarehe 5 Mei

Nimekwenda kwa Fundi Redio, yule wa kibanda cha tatu kutoka kwetu, anayetengeneza redio na simu. Nikamwapisha kwanza asimwambie mtu. Akaapa huku anakula.

Amenieleza vizuri, na mimi nakueleza kama nilivyoelewa. Kivinjari ni lile dirisha la kuchungulia mtandao. Programu-jalizi ni kama mfuko unaoushonea shati ambalo limekwisha kushonwa: shati linavalika bila huo mfuko, lakini ukitaka kuweka kalamu, lazima uushone. Mfuko wetu ndio wenye sauti ya kusoma. Na Linux ni utaratibu wa ndani wa mashine, mkali kidogo. Humo ndani kuna mtumiaji mkuu, huyo anafanya lolote, halafu kuna watumiaji wa kawaida, hao kila kitu mpaka waruhusiwe.

Akaniandikia maagizo kwenye kipande cha boksi. Unafungua dirisha jeusi, unaandika moja, mbili, tatu, kama alivyoandika yeye.

Neno la siri la mtumiaji mkuu Kitinda aliliacha kwenye karatasi chini ya kompyuta, kwa dharura. Dharura ndiyo hii. Nikaliandika, mashine ikanikubali. Mkuu! Dada, ni raha kuwa mkuu nyumbani kwako, hata kama ni ndani ya boksi.

Mtandaoni nikaulizwa nataka faili la 32 au la 64. Swali jepesi mno kwa mtu wa kazi yangu. Nikaipima kompyuta kwa macho: nyembamba, mabega hakuna. Nikachukua 32. Hiyo 64 ingeipwaya.

Nikaliweka faili kwenye folda yake kama nilivyoagizwa. Kisha likaja suala la kufunga. Unanijua na mkasi wangu. Bwana aliyenifundisha kazi alinipiga kofi moja tu maishani, nalo lilikuwa la kuacha mkasi mezani. Tangu siku hiyo mkasi wangu unalala kwenye droo na ufunguo unalala shingoni mwangu. Hata mke wangu hajawahi kuushika. Sasa, chini kabisa ya kile kipande cha boksi, Fundi Redio alikuwa ameandika agizo la ziada: namna ya kulifunga faili lisisomwe wala kuguswa na yeyote isipokuwa mtumiaji mkuu. Alisema ni la nyaraka za siri, mimi silihitaji. Nikafikiri. Kitinda atakuja Jumapili, atachokonoa kidogo, kisha atamwambia Mama ni yeye aliyetengeneza. Hapana! Nikafunga.

Nikafungua kivinjari kwa mbwembwe. Kikaandika: Programu-jalizi imeshindwa kupakiwa.

Imeshindwa! Siku ya kwanza tu, na ndani ya nyumba yangu!

Kwa hekaheka hiyo leo sikumsomea Mama. Nikamwambia avumilie, kesho mashine.

Jumatano, tarehe 6 Mei

Nimezima, nimewasha. Nimepangusa vumbi. Nimezima tena. Nimeiwekea mikono nikaomba kwa sauti ya chini. Mke wangu akapita na beseni, akauliza tangu lini tunaombea televisheni. Nikamwambia si televisheni. Akasema basi ndiyo vibaya zaidi.

Fundi Redio kaja mchana amebeba suruali iliyochanika, ili Mama adhani ni mteja. Wazo langu hilo. Mama hamwoni, lakini anamsikia, akamsalimu kwa jina la kazi yake, akamuuliza kama redio zinaenda. Basi.

Akakaa mbele ya mashine, akauliza nilichukua faili gani. Nikamwambia 32, na sababu nikampa. Dada, yule mtu alicheka mpaka akakalia majoho ya kwaya. Akawa anajifuta machozi kwa kola ya joho la sauti ya pili. Akasema 32 na 64 si vipimo vya kiuno, ni aina ya mashine, na hii yetu ni ya 64, na siku nyingine nikiulizwa kitu nimuulize na yeye. Akanifutisha lile la kwanza. Akaitwa na mteja wake wa kweli, akaenda zake, bado anacheka njiani, watu wanamuuliza kuna nini.

Nikachukua 64. Nikaweka mahali pake. Nikafunga, kama kawaida yangu. Nikafungua kivinjari.

Imeshindwa kupakiwa!

Wakati huohuo simu ya Mama ikalia. Kitinda. Dada, waliongea na kucheka muda ambao mimi nilishona mguu mzima wa suruali, ndani na nje. Mama anacheka mpaka anapiga goti lake kwa kiganja. Akiwa nami hacheki hivyo. Mimi huniuliza kama mlango umefungwa. Nilijaribu kusikia wanacheka nini, nikasogeza kiti, cherehani ikanisaliti kwa kelele. Nimeambulia maneno matatu tu: bata, paa, na shemasi. Naona sitalala kwa kutafuta uhusiano wake.

Mwishoni Mama akanipa simu. Kitinda akauliza, kaka, mashine hujaigusa lakini? Nikamwambia Mungu apishe mbali. Nikatubu hapo hapo, hata simu haijakatwa.

Alhamisi, tarehe 7 Mei

Wakati wa chai Mama kasema leo ni siku ya tatu hajasikia Neno. Hakulalamika. Kasema kama mtu anayesema mvua haijanyesha. Akaongeza kwamba mwili umekula lakini masikio yana njaa. Nikamwambia, Mama, vumilia, nakuandalia kitu kikubwa. Akasema yeye hakuomba kikubwa.

Ningeweza kumsomea pale pale, kitabu kiko juu ya kabati. Lakini ukimsomea mtu leo, kesho mashine itakuwa na utamu gani? Nataka aingoje.

Fundi Redio kaja tena. Na suruali ileile. Leo kachoka kucheka, kakunja uso. Akaniuliza mara mbili kama kuna chochote nilichofanya nje ya maagizo yake matatu. Nikasema hapana. Sijadanganya. Kufunga si kufanya, kufunga ni kutunza. Ukimuuliza mtu leo umefanya nini, anakuambia nimelima, nimepika, hakuambii nimefunga droo.

Basi tukafuta kumbukumbu za kivinjari. Tukakiondoa chenyewe, tukakirudisha. Tukamtengenezea Mama ukurasa mpya kana kwamba kazaliwa leo. Imeshindwa, imeshindwa, imeshindwa. Mwalimu wa kwaya kaja mara mbili kuulizia majoho. Mara ya pili akanikuta chini ya meza nashika nyaya. Akasema kwa upole kwamba waimbaji ni kumi na sita na kola zilizokwisha ni mbili. Nikamwambia zitakuwa tayari kwa neema.

Mchana nikapata akili. Nikampigia Kitinda. Nikasema kuna rafiki yangu, mtu wa mbali, humjui, naye ana Linux, na programu-jalizi yake haipakii. Akasema rafiki yako asibahatishe tena, aanzishe kivinjari kutoka kwenye dirisha jeusi, asikibonyeze kwa kipanya. Hapo kitaandika kila kinachokisumbua, asome mstari wa mwisho. Nikamshukuru kwa niaba. Akasema msalimie sana huyo rafiki, mwambie asijichoshe, amngoje mdogo wake.

Amngoje mdogo wake! Nimekaa nalo hilo neno mchana kutwa. Mimi sikumwambia kwamba rafiki yangu ana mdogo wake.

Ijumaa, tarehe 8 Mei

Nimefanya hivyo. Dirisha jeusi, jina la kivinjari, nikabonyeza. Ikaja mistari, mistari, mistari, mingine hata sijui ni matusi ya nchi gani. Kitinda aliiweka mashine kwa Kiswahili kwa ajili ya Mama, lakini naona Kiswahili kilimwishia katikati. Nikashuka mpaka mstari wa mwisho. Huo ulisomeka vizuri. Ulitaja faili langu kwa jina lake, kisha ukasema: Ruhusa imekataliwa.

Aa-haa!

Nani mwenye kukataa ruhusa? Nani alileta mashine? Nani alisema usiiguse? Dada, mdogo wetu wa tumbo moja kanifungia nje! Kaweka pingamizi ndani ya mashine nisiweze kumfurahisha mama yangu mzazi. Nikamwita mke wangu aje ashuhudie kwa macho yake. Akasoma. Akauliza, una hakika si wewe uliyefunga kitu, maana katika nyumba hii kila kilichofungwa kimefungwa na wewe. Wake hawa! Unamletea ushahidi, yeye anakutazama wewe.

Sasa sikiliza nilichofanya, na ukinihukumu unihukumu taratibu. Jumapili ile Kitinda aliniachia suruali yake ya buluu nimpunguzie vidole viwili, ana kikao Jumatatu ofisini. Nimepunguza vidole vinne. Na kitambaa cha ziada nimekikata, kisirudi. Lakini pindo nimelishona kwa sindano ya mkono, kushoto kulia sawasawa, huoni hata nyuzi. Dhambi isiharibu ufundi.

Nikatoka uani kupumua. Niliporudi nikakuta nini? Mke wangu amekaa kwenye kigoda miguuni kwa Mama, kitabu mapajani, anamsomea. Polepole, kidole juu ya mstari. Mama amefumba macho, midomo inamfuata nyuma nyuma. Hakuna aliyeniita! Nilihisi kama sindano imeingia chini ya ukucha. Nikamwambia mke wangu kwamba hiyo ni kazi yangu. Akajibu bila kuinua kidole kwenye mstari, kama ni kazi yako, tangu Jumanne umeifanya lini?

Alisema kweli. Ila ile sauti!

Nikaenda kupiga pasi majoho. Nimeunguza moja kidogo, kwenye kwapa. Mwimbaji asiponyoosha mkono halitaonekana.

Jumamosi, tarehe 9 Mei

Leo nimefunga na kuomba. Mpaka saa sita. Saa sita mke wangu kaweka chakula mezani, nikaona ombi langu limeshafika.

Imebaki siku moja. Mashine haisomi, Kitinda anakuja kesho, na Mama kashaanza kuwaambia majirani kwamba mwanawe wa mwisho anamletea sauti. Nikaenda kwa Fundi Redio. Nikamwambia fundi mwenzangu, kama kitu hakitaki kusema chenyewe, tukisemee. Akasema hajui ninachotaka lakini hakipendi. Akaniazima kinasa sauti.

Nikajifungia stoo katikati ya mabaki ya vitambaa, nikarekodi somo zima la siku. Nimelisomea puani, bila kupanda wala kushuka, kama mashine. Nilipanga kukificha nyuma ya kompyuta. Kitinda akiingia, nabonyeza kwa goti.

Nikakijaribu kwa Mama kwanza. Nikasema Mama, tega sikio, mashine imepona. Nikabonyeza. Mama akasikiliza, kichwa kimeinama upande. Sikujua kama ni furaha au nini. Likafika katikati, akaniita jina lile la utotoni, ambalo sitaliandika hapa. Akauliza mbona nasomea puani, nani kanibana. Kisha akanyoosha mkono hewani akinitafuta, akidhani nimesimama nyuma ya kompyuta kweli naumwa. Aliposhika kile kinasa sauti akakipapasa chote, vitufe vyote, akaniuliza kwa nini sikuja tu nikakaa hapa nikasoma.

Nikasema nina majoho.

Dada, ilinichoma. Kwa dakika kama tano nilitaka kuchukua kitabu nikae. Lakini mke wangu tayari alikuwa amekikamata.

Jumapili, tarehe 10 Mei

Naandika haya mchana huu huu kabla sijasahau mpangilio wake.

Kitinda kaingia, kamsalimia Mama kwa kumkumbatia muda mrefu usio na sababu. Kaniamkia. Kakaa mbele ya mashine. Kaandika kitu kifupi kwenye dirisha jeusi, maneno mawili. Akatazama. Akavuta kiti mbele. Akauliza kwa sauti ya kawaida, kaka, nani kalifunga hili faili?

Nikaushika ufunguo wangu shingoni.

Akaeleza, na Mama anasikia, na mke wangu kasimama mlangoni na mwiko. Akasema faili ni zima, ni la aina sahihi, liko mahali pake. Mtu kafanya kazi nzuri tu. Ila kalifunga, asilisome yeyote isipokuwa mtumiaji mkuu. Sasa kivinjari anachotumia Mama si mkuu, ni mtumiaji wa kawaida. Kimebisha hodi wiki nzima, kinafungiwa nje. Ndiyo ile ruhusa iliyokataliwa.

Nikamweleza habari ya mkasi. Nilieleza yote, mpaka kofi. Hakucheka. Afadhali angecheka! Fundi Redio aliyekuwa dirishani na suruali yake ndiye aliyecheka, tukamfungia dirisha.

Kitinda akaandika mstari mmoja. Mmoja, Dada! Akafungua kivinjari, na mashine ikasoma.

Ni sauti ya mwanamke. Imenyooka, haina huzuni wala furaha, kama anayetangaza basi linaloondoka. Mama akakaa wima. Mikono akaiweka mapajani kama yuko ibadani. Somo la leo lilikuwa lile la vizazi, fulani akamzaa fulani, fulani akamzaa fulani, majina yanaumiza ulimi. Mashine ikayasoma yote. Hata moja haikuliacha. Ilipokwisha Mama akashusha pumzi, akasema leo nimewasikia wote, maana kaka yenu huwa anawaruka.

Miaka mitatu! Alikuwa anajua! Na kila siku ananiambia amina, mwanangu, asante.

Sikuweza kukaa pale. Nikampeleka Kitinda uani ajaribu suruali yake. Na hapo, Dada, kwa kinywa chake mwenyewe, akaniambia neno ambalo nimelipigia mstari. Akasema kila akimpigia Mama anasikia kaka yako kanisomea hiki, kaka yako kanisomea kile, na yeye hana cha kumpa ila vichekesho vya kwenye simu. Akatafuta muda mrefu kitu cha kumweka yeye ndani ya nyumba hii kila asubuhi hata akiwa hayupo. Ndipo ikatokea ile kompyuta. Akasema, nilikuonea wivu, kaka.

Alisema hivyo akiwa ameshika kiuno cha suruali, vifundo vya miguu viko nje vyote viwili, na soksi, na kipande cha mguu.

Machozi yalinilenga. Nilitaka kumwambia. Wallahi nilifungua mdomo. Akajitazama chini, akasema labda amerefuka. Nikamwambia ndio mtindo wa sasa, maofisini wote wanavaa hivyo.

Akaenda nayo. Kikao ni kesho.

Lakini moyo wangu, Dada, mweupe! Kumbe ni mimi niliyekuwa naonewa wivu! Mtu aonewe wivu, halafu yeye tena amwonee nani? Nimempigia Mungu magoti na kumwahidi kwamba wivu na mimi, basi. Tumeachana. Juma hili limenifundisha mengi, na kesho nitamalizia kwa shukrani.

Jumatatu, tarehe 11 Mei

Baada ya chai Mama kasema mfungulie binti yangu.

Binti! Mashine haina hata siku mbili, ni binti! Na juu yake nimekuta kumewekwa kitambaa cha kufuma, kile cheupe, ambacho Mama alikifuma wakati bado anaona. Mimi nimekaa na cherehani yangu chumba hichohicho miaka yote, hakuna aliyeivisha kitu.

Nikasema kwa upole, Mama, vizazi bado vinaendelea, leo nitasoma mimi, na majina yote, nimeshayafanyia mazoezi tangu alfajiri. Mama akasema hakuna ubaya, someni wote. Akadhani atasoma mmoja amalize aje mwingine. Nami ningengoja, lakini binti alianza bila kungoja, basi na mimi nikaanza. Nikamfikia kwenye mstari wa tatu. Nikampita kwenye wa tano! Mke wangu akaongeza sauti ya mashine, eti Mama asikie. Nikaongeza na mimi yangu. Dada, yule hapumui! Hana mapafu, hamezi mate, si mashindano ya haki. Kwenye jina la nane nikapaliwa. Yeye akaendelea kuzaa tu, fulani akamzaa fulani, mimi nakohoa nimeshika meza.

Mama akainua mkono. Akatuambia tunyamaze, mimi na binti, wote wawili. Mke wangu akaizima. Tukasikia maji ya jirani yakimwagika.

Halafu Mama akatabasamu. Tabasamu ambalo sikuliona kwa kikombe cha maua wala kwa Kitinda mwenyewe. Akasema katika watoto wake, aliyejua kusoma ni mmoja tu, naye yuko mbali. Wewe. Eti ulipokuwa msichana ukisoma jioni, yeye alisahau chungu mekoni, kikaungua, na hakujali. Akamuuliza mke wangu kama inawezekana kukupigia kila asubuhi baada ya chai, ukamsomea kwenye simu, na mashine na watu wengine wote wakapumzika. Mke wangu akasema inawezekana sana. Upesi alivyojibu! Wataanza kesho.

Dada yangu mpendwa, sikuonei wivu. Tulishaachana na hayo jana. Nasema tu miaka mitatu ni mimi niliyekaa kwenye kile kigoda.

Nimempigia Kitinda. Alitoka nje ya kikao kunisikiliza, na hakuwa na furaha, wamemuuliza kuhusu suruali. Lakini nilipomweleza habari yako akasahau suruali. Akasema hapana, hiyo si haki, mashine kaibeba yeye mgongoni. Mara ya kwanza maishani tumekubaliana jambo, mimi naye! Tukazungumza kirefu, tukasikilizana kama mapacha. Anakuja leo mchana kuzipiga picha kurasa hizi na kukutumia kwenye simu, ili zikufikie leo leo.

Ombi letu ni dogo. Mama akikupigia kesho, sema sauti imekauka, daktari kakukataza kusoma kwa sauti mpaka mwisho wa mwaka. Si uongo mkubwa, nami nitautubia mwenyewe, wewe usijisumbue. Ukishindwa kabisa, basi soma, lakini ruka majina.

Tafadhali nijibu upesi.

Ni mimi ndugu yako akupendaye.